Raglan: mnara uliosimikwa kwa mapenzi ukaangushwa kwa moto

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na vijana mliojibanza huko nyuma karibu na birika la chai, asalaam aleikum na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze kidogo juu ya ngome ya Raglan kabla hatujapanda basi Jumamosi. Wengi wenu mmeshapita pale. Ukitoka hapa Newport, kusini mwa Wales, kwenda Monmouth, barabara ya A40 inakatiza katikati: kijiji upande mmoja, ngome upande wa pili, juu kidogo, imejaa mianya ya madirisha yasiyo na vioo. Watoto huuliza garini, "Ile nini?" Nasi hujibu, "Magofu," tukaendelea na safari.

Jibu hilo nimelitoa mimi mwenyewe kwa miaka. Neno gofu likitajwa, mtu hufikiria mvua, upepo na karne zilizopita, kama vile nyumba imezeeka ikachoka ikalala. Raglan haikuzeeka. Mwezi Agosti wa mwaka 1646 ilikuwa na paa, na ngazi, na maktaba, na jiko linalowaka. Kisha watu waliagizwa waje na sululu. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu jioni hii, na naomba mnisikilize kwa moyo, maana mimi kila nikienda pale narudi nyumbani na huzuni ya msiba wa jana.

Kwanza tupatane juu ya neno. Sisi kwa Kiswahili tuna ngome, tuna kasri, na watu wa Kilwa wana husuni. Raglan ni kipi kati ya hivyo? Wataalamu wa hapa wamelibishania jambo hili kwa muda mrefu, wengine wakisema Raglan ni nyumba ya fahari tu, maana ngome nyingi za Wales zilijengwa na wafalme wa Uingereza ili kuwakalia Wawelisi kooni. Conwy, Caernarfon, Harlech, zote ni kazi ya Edward I, za karne ya 13. Raglan ni mtoto wa mwisho. Ilianza kujengwa miaka ya 1430, wakati ujenzi wa ngome ulikuwa unakaribia kupitwa na wakati, na aliyeijenga alikuwa Mwelisi mwenyewe.

Jina lake William ap Thomas. Hilo "ap" ni kama "bin" yetu: William bin Thomas. Hakuzaliwa na ukoo mkubwa wa kifalme. Alipanda kwa vita, kwa utumishi, na kwa ndoa. Mke wake wa kwanza, Elizabeth Bluet, ndiye aliyekuwa na haki ya Raglan. Alipofariki, shamba lilikuwa la mwanawe wa ndoa ya awali, na William akaendelea kuishi pale kama mpangaji wa mtoto wa kambo. Mwaka 1432 akalinunua moja kwa moja kwa mark 1,000, fedha nyingi sana za wakati ule. Mke wa pili alikuwa Gwladys, binti wa Dafydd Gam, mjane aliyempoteza mume na baba siku moja kwenye vita vya Agincourt, mwaka 1415. Washairi wa Kiwelisi walimwita mama huyu Nyota ya Abergavenny. William naye walimwita Shujaa wa Buluu wa Gwent, yaani wa eneo letu hili, kwa rangi ya silaha zake.

Sasa mtazameni mtu huyu. Amepewa cheo cha ushujaa na mfalme mwaka 1426, amenunua ardhi, ana mke anayeimbwa. Anajenga nini? Anajenga mnara. Kwa Kiwelisi unaitwa Tŵr Melyn Gwent, Mnara wa Njano wa Gwent, kwa sababu ya jiwe lake la rangi ya manjano iliyopauka lililotoka Redbrook, ukingoni mwa mto Wye.

Mkifika, nawaomba msikimbilie lango. Simameni kwanza mbele ya mnara huu. Una pembe sita, umbo ambalo hapa Wales halikuwa la kawaida hata kidogo. Umejitenga na ngome nyingine yote, umezungukwa na handaki lake wenyewe la maji. Ghorofa ya chini ilikuwa na jiko na kisima, ili bwana wa nyumba, adui akishaingia uani, aweze kujifungia humo na watu wake, apike, anywe, apigane. Kuingilia kulikuwa na madaraja mawili ya kuinuliwa kwa mtindo wa Kifaransa, moja pana na jingine jembamba la mtu mmoja. Nimeligusa jiwe lile. Limechongwa likakaa na mwenzake vizuri kiasi kwamba ncha ya kisu haipiti. Baba yangu alikuwa mwashi, alinifundisha kutazama kona kabla ya kutazama ukuta, kwa sababu ukutani fundi anaweza kuficha na konani hawezi. Kona za mnara ule, baada ya miaka karibu 600, zimenyooka.

William alifariki mwaka 1445. Mwanawe, naye William, akaacha mtindo wa "ap" akachukua jina la ukoo kwa desturi ya Kiingereza, Herbert. Huyu ndiye aliyeipandisha Raglan kileleni. Wakati wa vita vya kugombea kiti cha enzi kati ya ukoo wa York na ukoo wa Lancaster, Herbert alikuwa mtu wa York, na Edward IV alipotwaa ufalme mwaka 1461 Herbert akawa ndiye mkono wake Wales nzima. Mwaka 1468 aliiteka Harlech, akapewa cheo cha Earl wa Pembroke. Lile lango kubwa lenye minara miwili, ua wa mawe, vyumba vya wageni, vyote hivyo ni kazi ya wakati wake. Mshairi mmoja aliisifu Raglan akihesabu kila kitu kwa mia: minara mia, milango mia, mioto mia ya kuni zilizokaushwa vyema. Guto'r Glyn, malenga mkubwa wa zama hizo, alimsihi Herbert aunganishe Wales ya kaskazini na ya kusini iwe kitu kimoja. Yaani kuna wakati matumaini ya Wawelisi wengi yalikaa ndani ya nyumba ile.

Na humo ndani kulikuwa na mtoto. Henry Tudor alikuwa na miaka minne Herbert alipomchukua kutoka ngome ya Pembroke. Alinunua ulezi wake kwa mfalme kwa pauni 1,000, akamlea Raglan pamoja na wanawe, akikusudia kumwoza binti yake. Mtoto yule wa upande wa adui alikula, akasoma, akafunzwa upanga katika ua tutakaoukanyaga Jumamosi. Mwaka 1485 akawa Mfalme Henry VII, mwanzilishi wa ukoo wa Tudor. Lakini Herbert hakuishi kuyaona hayo. Julai 1469 jeshi lake lilivunjwa huko Edgecote, Wawelisi wakafa kwa wingi, naye akakatwa kichwa Northampton. Utukufu wake wote ulidumu miaka minane tu tangu Edward alipotawazwa.

Nitapita haraka miaka iliyofuata. Mjukuu wake, Elizabeth, aliolewa na Charles Somerset mwaka 1492, na Raglan ikaenda kwa ukoo wa Somerset, ambao baadaye walipewa cheo cha Earl wa Worcester. Hawa ndio walioifanya kasri kamili. Waliinua ukumbi mkubwa, wakajenga baraza ndefu ya kutembelea siku za mvua, wakachimba bustani za ngazi ngazi na maziwa ya maji. Njia ya kuzunguka handaki la mnara waliipamba kwa vishubaka vya sanamu za wafalme wa Roma, vimenakshiwa kwa kombe na simbi. Vishubaka bado vipo. Unaweza kuwajua Herbert na Somerset kwa jiwe: la njano ni la Herbert na baba yake, na sehemu kubwa ya kazi ya Somerset ina jiwe jekundu lenye michirizi ya zambarau.

Maisha ya mle yamehifadhiwa katika maelezo ya utaratibu wa chakula wa miaka ya kabla ya vita kati ya mfalme na Bunge, ambavyo nitavifikia. Saa tano asubuhi milango ya ngome ilifungwa na meza zikaandaliwa. Bwana mkubwa na wageni wake katika chumba chao, wasimamizi na waandishi ukumbini kwenye meza zao, na kila daraja ya watumishi kwa nafasi yake, mpaka wa chini kabisa. Nikisoma habari ile nasikia sahani zinagongana.

Kulikuwa pia na mtu wa ajabu katika nyumba hiyo, Edward Somerset, mwana wa mwenye nyumba. Akili yake yote ilikuwa kwenye maji na mashine. Alitengeneza mtambo wa kusukuma maji kwenda juu, akauweka pale mnarani, na mwaka 1663 alichapisha kitabu cha uvumbuzi wake 100, kimojawapo kikiwa cha kutumia nguvu ya maji yaliyochemshwa. Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa vita watu wa Bunge walikuja Raglan kutafuta silaha. Edward akafungulia mitambo yake ya maji, ikanguruma ndani ya mnara, na mtumishi mmoja akaja mbio akipiga kelele kwamba simba wamefunguka. Wageni walitoka bila kuuliza zaidi. Karne ya 19, watu walifungua kaburi lake katika kanisa la Raglan wakitumaini amezikwa na mfano mdogo wa mtambo wake. Hawakuukuta.

Sasa tuje kwenye maangamizi.

Mwaka 1642 vita vilizuka kati ya Mfalme Charles I na Bunge. Mwenye Raglan wakati huo, Henry Somerset, alikuwa Mkatoliki na mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi, na alimpa mfalme mali yake pasipo kuhesabu. Mfalme akamlipa kwa cheo cha Marquess wa Worcester, maana fedha za kumrudishia hakuwa nazo. Baada ya kupigwa vibaya huko Naseby, Juni 1645, Charles alikimbilia wapi? Raglan. Alikaa kwa majuma, akicheza mchezo wa kuviringisha tufe kwenye uwanja wa majani ulio mbele ya ngome, huku ufalme unamponyoka. Uwanja ule upo. Mtauona, na watoto watataka kukimbia juu yake, waacheni wakimbie.

Mzingiro ulianza tarehe 3 Juni 1646. Mfalme mwenyewe alikuwa ameshajisalimisha kwa Waskoti mwezi mmoja kabla, na Oxford, makao yake makuu, ikaanguka mwezi huo huo wa Juni. Vita vilikuwa vimekwisha, kwa ufupi. Lakini mzee Marquess, ambaye umri wake ulikuwa unakaribia miaka 70, alikataa kufungua lango. Ndani walikuwepo askari wapatao 800. Nje, jeshi la Bunge chini ya Kanali Morgan liliongezeka siku hadi siku, na Agosti akaja jemadari mkuu, Sir Thomas Fairfax. Walichimba mahandaki yakisogea karibu na kuta, wakaleta mizinga ya kurusha makombora juu kwa juu, mkubwa wao ukiitwa Roaring Meg. Kingo za juu za Mnara wa Njano zilikatika kwa mizinga. Kuta zenyewe, unene wa karibu mita tatu, hazikutoboka.

Hapo ndipo mimi napata jibu la swali la ngome au kasri. Nyumba iliyosemwa ni ya fahari tu ilisimama majuma kumi na moja mbele ya bunduki za kisasa za wakati wake.

Tarehe 19 Agosti 1646 lango lilifunguliwa. Askari waliruhusiwa kutoka kwa heshima na kwenda makwao. Mzee hakuruhusiwa. Alipelekwa London akawekwa kizuizini, akafa Desemba mwaka huo huo. Imepokewa kwamba alipoambiwa atazikwa Windsor, kwenye ngome ya wafalme, alijibu kuwa basi akifa atapata ngome nzuri kuliko waliyomnyang'anya akiwa hai.

Na ngome waliyomnyang'anya? Bunge liliamua ivunjwe, isije ikatumika tena dhidi yake. Wakaanza na mnara. Watu walipanda juu na sululu, wakagonga mawe ya kileleni. Siku zikapita, jiwe likitoka kwa jasho, na mnara hauonyeshi kupungua. Yule mwashi wa Gwent aliyeunga mawe yale miaka mia mbili kabla alikuwa bado anabishana nao. Ndipo wakabadili njia. Walishuka chini, wakaanza kukata msingi wa pande mbili kati ya zile sita. Kila walipotoa mawe, walisimamisha magogo yachukue uzito. Wakakata, wakaegemeza, wakakata, wakaegemeza, hadi pande mbili za mnara mzima zikawa zimekaa juu ya miti. Kisha wakaitia miti moto. Ilipoungua, pande zile mbili zilishuka kwa mkupuo mmoja.

Nne hazikuanguka. Ndizo mtakazoziona.

Wanakijiji wa jirani waliitwa na sululu, machepe na ndoo kukausha handaki, kwa tamaa kwamba hazina imezamishwa humo. Mabwawa ya samaki yakakatwa. Bamba za madini ya risasi zilizoezekea mapaa ziling'olewa. Risasi hiyo na mbao zilibebwa hadi Monmouth, zikashushwa mtoni kwenda Bristol kukarabati daraja lililoungua. Inasemwa risasi peke yake ilithaminiwa pauni 6,000. Nyumba isiyo na paa katika nchi hii ya mvua, mwajua wenyewe. Hiyo mvua tunayoilaumu ilifunguliwa mlango na mkono wa mtu.

Na kulikuwa na maktaba. Hapa, ndugu zangu, mnisamehe nikikaa kidogo. Ilisifika mbali kwa vitabu, na ndani yake kulikuwa na miswada mingi ya Kiwelisi, mashairi na nasaba zilizonakiliwa kwa mkono. Iliangamizwa. Jiwe likianguka, fundi mwingine anaweza kuchonga jingine. Mswada wa pekee ukiungua, aliyeutunga hufa mara ya pili. Babu yangu Pemba alikuwa na kasha la karatasi zilizoandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Alipofariki, jamaa walizikuta zina mchwa, hawakujua kuzisoma, wakazichoma pamoja na makuti ya zamani. Nilikuwa na miaka tisa na nilisaidia kubeba. Ninachokumbuka ni maneno mekundu katikati ya meusi, mwanzoni mwa kila ubeti labda. Mpaka leo sijui nilibeba nini. Kwa hiyo nikisimama pale Raglan na kuambiwa maktaba ilikuwa hapa, na naona majani tu, naelewa kwa mikono yangu.

Ufalme uliporudi mwaka 1660 ukoo wa Somerset ulirudishiwa mashamba, lakini haukurudi kukaa. Walihamia Badminton, Uingereza, wakachukua kutoka Raglan vilivyohamishika. Baadaye wakawa Ma-Duke wa Beaufort. Katika karne iliyofuata ngome ikawa machimbo. Mkulima akitaka jiwe la banda au kizingiti, alikwenda Raglan. Ngazi 23 zilichukuliwa kwa njia hiyo, hesabu ambayo kila nikiisoma natafuta mahali zilipokuwa na kuona ukuta una alama ya mshazari tu. Mwishowe Duke mmoja akakataza, watalii wakaanza kuja, na mwaka 1938 ikakabidhiwa serikali. Leo iko chini ya Cadw, idara inayotunza majengo ya kale ya Wales.

Mama zangu washonaji nina neno lenu pia. Lile shati ambalo mkono wake umeungwa moja kwa moja kutoka shingoni hadi kwapani, bila mshono begani, huitwa raglan dunia nzima. Jina limetoka kwa FitzRoy Somerset, mtoto wa ukoo huu huu, askari aliyepoteza mkono wa kulia Waterloo mwaka 1815 na kupewa cheo cha Baron Raglan mwaka 1852.

Jumamosi basi litaondoka saa tatu asubuhi, hapa hapa nje. Vaeni viatu vya kushika, ngazi za mnara ni za mawe na zimelika. Mkifika juu mtaona mlima wa Ysgyryd kaskazini-magharibi, kama hali ya hewa itaturuhusu. Lakini kabla ya kupanda, zungukeni chini hadi mahali zile pande mbili zilipokatwa. Ukuta unaonekana ubavuni pale, unene wake wote, kama mkate uliokatwa: jiwe la nje, kifusi na chokaa katikati, jiwe la ndani. Wekeni mkono hapo. Chokaa ile bado haibonyei.